Nilivyounguza Kaunta ya Mama Mkwe

Kama ndiyo kwanza unanisoma, sogea karibu nikupe aibu yangu kwa ufupi. Wale wa tangu mwanzo, nivumilieni.

Mimi ni Marlys Gruber, mjane wa miaka sitini na miwili, dereva mstaafu wa basi la shule hapa Milwaukee. Naishi na mama mkwe wangu, Bernice, mwenye miaka tisini na mmoja, katika nyumba aliyojengewa na mumewe, marehemu Walter, mwaka 1956. Jiko lake halijaguswa tangu mwaka huo. Makabati ni yale yale ya chuma, meupe, na kaunta ni ile ile ya fomaika, bamba jembamba la plastiki ngumu, yenye ukingo wa bati linalong'aa.

Mama alipovunjika nyonga na kupelekwa kituo cha mazoezi ya wagonjwa, aliniachia agizo moja tu: "Jiko langu nilikute kama nilivyoliacha."

Siku ya nne nikakaanga chapati za viazi. Mafuta yakashika moto. Nikanyakua kikaango, nikakitua juu ya kaunta, kikaacha duara jeusi la ukubwa wa sahani. Nikalifunika kwa ubao wa kukatia mkate, na kila mama alipopiga simu kuulizia jiko, nikamjibu kuwa halijambo.

Wiki iliyopita niliwaambia jinsi nilivyojaribu kuliondoa duara hilo kwa kikaushio cha nywele na kisu cha siagi, na jinsi fomaika ilivyopasuka, paa! kutoka kwenye jiko la gesi mpaka kwenye sinki. Nilipogeuka, wifi yangu Gwen alikuwa amesimama mlangoni.

Nilitegemea matusi. Gwen akaweka mkoba chini, akauinua ubao wa mkate, akalitazama duara jeusi, akautazama ufa.

"Wifi," akasema, "sasa Mungu mwenyewe ametia sahihi. Tunaweka graniti."

"Gwen, mama alisema..."

"Mama alisema mengi. Jumanne ijayo kituo kinamleta muuguzi kukagua nyumba. Akikuta jiko limepasuka hivi, mama harudi hapa. Anakwenda nyumba ya wazee, na hapa tunauza."

"Kumbe ndicho unachokitaka!"

"Ninachokitaka ni asianguke tena!" Akaurudisha ubao wa mkate juu ya duara. "Siku ile wewe ulikuwa sokoni. Aliyemwokota sakafuni ni mimi."

 Nikamkaangia yai, akala, akaenda zake.

Alipotoka tu nikampigia simu Odell Pruitt. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, fundi wa makabati na kaunta za jikoni kwa miaka arobaini, sasa amestaafu na anajidai hataki tena kusikia harufu ya gundi. Nilipomwambia ni kaunta ya mwaka hamsini na sita, alifika kabla kahawa yangu haijapoa.

Akaikagua kwa kimya cha daktari.

"Nani alifanya upasuaji huu?"

"Mimi."

"Kwa kifaa gani?"

"Kikaushio cha nywele. Na kisu cha siagi."

Odell akavua kofia, akaiweka kifuani. "Basi tumwombee marehemu."

"Acha masihara, Odell! Nina siku nane."

"Siku nane zinatosha. Tatizo si siku. Tatizo ni utaweka nini."

Jumatano tukakaa kikao. Gwen alikuja na vipande vitatu vya graniti, kila kimoja kizito kama mtoto mchanga. Odell akaja na vijipande vya fomaika vilivyotungwa kwenye pete kubwa, mamia, kama funguo za mlinzi wa gereza.

"Graniti haiungui," Gwen akaanza, akinitupia jicho. "Hata apike nani."

"Sawa," Odell akasema. "Lakini makabati haya ni ya bati. Ukiyapakia jiwe hilo yatapiga magoti. Na mama yako ana vikombe vya kaure. Kikimponyoka juu ya fomaika, kinaruka. Kikimponyoka juu ya jiwe, unafagia."

"Basi chuma cha pua, kama hotelini."

"Kwa wiki ya kwanza kitapendeza. Baada ya hapo ni mikwaruzo mitupu, na kila kijiko kikianguka mtaa mzima unajua umeshatia sukari."

"Vigae?"

"Huyu mama anasukuma unga kila Jumapili. Utamtoa wewe unga kwenye mistari ya vigae kwa kijiti cha meno?"

 Nilimwona Gwen akitaka kucheka, akajizuia.

Tukabaki na fomaika. Ufa ulikuwa umeharibu upande mmoja tu, ule wa kati ya jiko la gesi na sinki. Upande wa pili wa sinki, chini ya dirisha, ulikuwa mzima. Kwa hiyo tulichohitaji ni kipande kimoja cha kufanana na wenzake.

Ah! Kufanana!

Kaunta ya mama ilikuwa na rangi ya supu ya njegere iliyolala, yenye vimichoro vidogo kama mbawa za mbayuwayu. Odell alikuwa na kijani za aina kumi na nne. Tukaziweka zote juu ya kaunta, moja baada ya nyingine. Hii imekolea mno. Hii ina unjano. Hii inafanana na sare za jeshi. Kufika saa nane macho yangu hayakuweza tena kutofautisha kijani na kahawia, na Gwen alikuwa ameanza kuvikusanya vipande vyake vya graniti kwa tabasamu la mshindi.

"Ngoja," Odell akasema.

Akachukua bisibisi, akafungua ukingo wa bati upande wa dirishani. Skrubu sita. Bati likatoka na vumbi lake la miaka.

Chini yake, kwenye ule mstari mwembamba ambao haukuwahi kuona mwanga, fomaika haikuwa kijani. Ilikuwa buluu. Buluu changa, ile ya yai la ndege, na mbawa za mbayuwayu zilikuwa nyeupe pee.

Tukainama sote watatu, vichwa vikagongana.

"Marlys," Odell akasema taratibu, "hii unayoitafuta siku nzima siyo rangi. Ni uchafu."

"Uchafu! Mama anaipaka nta kila Jumamosi!"

"Ndivyo ninavyosema. Jumamosi elfu tatu za nta. Ongeza moshi wa sigara wa baba mkwe wako. Kaunta yenu imevaa koti."

Akalowesha kitambaa kwa maji ya moto na amonia kidogo, akasugua sehemu ya ukubwa wa kiganja. Kitambaa kikatoka na rangi ya chai. Kwenye kaunta, paliposuguliwa, pakatazama juu kijisehemu cha buluu, kama mtu aliyefumbua jicho moja.

 Gwen alinyoosha kidole, akakigusa.

"Sikujua jiko letu lilikuwa buluu," akasema mwishowe. "Nimekulia humu, sikujua."

Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaniomba kitambaa. Graniti zake zikabaki kwenye kiti mpaka jioni.

Msidhani mambo yalinyooka. Ile nakshi ya mbayuwayu wa buluu haitengenezwi tena. Odell alipiga simu kila mahali anapopajua, na akajibiwa kwa namna mbalimbali za kucheka. Ili nipate kipande, ilibidi nimpate mtu mwenye jiko la rika lile, tena aliye tayari kulibomoa.

Ijumaa ikafika. Ijumaa mji huu unakula samaki, na sisi tunawala kwenye ukumbi wa parokia. Nikaipiga picha ile buluu, nikaiachia simu yangu izunguke meza kwa meza, ikapita katikati ya mkate wa shayiri na kachumbari ya kabichi. Ilirudi inateleza mafuta, pamoja na jibu kutoka kwa bibi mmoja wa meza ya nyuma.

"Hiyo ni baa ya Stan Kubiak. Ile ya chini ya nyumba yake. Nilicheza sana pale, enzi za miguu yangu."

"Stan Kubiak ni nani?"

"Si huyo anayekukaangia samaki?"

Nikaingia jikoni. Mwanamume mrefu, mvi zimemjaa, aproni imelowa mafuta, anageuza samaki kama anayecheza muziki.

"Wewe ndiye Stan?"

"Inategemea. Kama samaki ni mbichi, mimi siye."

"Samaki ni mzuri. Nimekuja kwa ajili ya baa yako."

"Unataka kunywa?"

"Nataka kuing'oa."

Akaacha kugeuza samaki. Nikamweleza yote pale pale, kikaango, ubao wa mkate, kikaushio, mama mkwe, Jumanne. Nilieleza haraka haraka mpaka samaki wa watu wanne wakaungua.

"Una mkosi wa kuunguza, bibie," akasema, akiwatoa. "Njoo kesho asubuhi. Siahidi kitu."

Jumamosi saa tatu nilikuwa mlangoni kwake na Odell, na boksi la zana tuliloliacha garini ili tusionekane wenye pupa. Stan akatuteremsha ngazi. Akawasha taa.

Jamani! Kaunta ya baa ya mita mbili na zaidi, buluu tupu, mbayuwayu weupe wote, haijaguswa na jua hata siku moja. Odell alitoa mluzi.

"Tuliijenga mimi na Theresa wangu," Stan akasema. "Mwenye nyumba wa kwanza aliacha bamba zima la fomaika gereji. Kila Jumamosi watu kumi na wawili walikaa hapa. Tangu mke wangu afariki, huu ni mwaka wa sita hajakaa mtu."

Nikaona haya. "Bwana Stan, nisamehe. Sikujua. Tutatafuta pengine."

Odell akanikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

 Stan akazunguka nyuma ya baa, akatoa pakiti ya karata.

"Unacheza kichwa-cha-kondoo?"

"Nimezaliwa Milwaukee, mji wa karata hizo. Unamwuliza samaki kama anajua kuogelea?"

"Michezo mitatu. Ukinishinda, beba. Nikikushinda, baa inabaki, na wewe unakuja kucheza tena Jumamosi ijayo."

"Stan, unaweza kuniuzia tu, tukamaliza."

"Sikuomba fedha. Nimeomba mtu wa kucheza naye."

Wa kwanza nilishinda mimi. Wa pili akanichapa vibaya, tena akiimba. Wa tatu, Odell alisimama nyuma yangu akipumua kama ng'ombe. Nilikuwa na karata mbovu, na nilijua nimekwisha. Nikatupa ya mwisho. Stan akatupa yake, kijikarata kisicho na maana yoyote.

"Umeshinda," akasema.

"Haiwezekani."

"Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Ni kweli, nimeshinda. Lakini alipoinuka kuchukua kahawa, niliiona karata moja imechomoza kwenye mfuko wa shati lake. Malkia wa pau. Kwa mchezo wetu hakuna karata inayomzidi huyo.

"Stan, mfukoni mwako kuna mwanamke."

Akaisukuma ndani kwa kidole, masikio yakamwiva. "Uzee. Mkono unateleza."

Odell tayari alikuwa ameshaenda kuleta zana.

Jumapili baada ya misa tukaanza kazi. Odell aliing'oa kaunta iliyopasuka pamoja na ubao wake, mimi nikaambiwa nipime nafasi. Nikapima. Odell akakata bamba la Stan kwa kipimo changu, tukalibeba, tukaliingiza.

Likawa fupi kwa vidole viwili.

Odell akachukua futi kamba, akapima, akanigeukia. "Kipimo kile ulikisomea miwani ya nani?"

Nikaivua miwani. Ilikuwa ya mama Bernice, ya kufumia. Ilikuwa imekaa dirishani, nami nikaivaa bila kuangalia.

Nikakaa chini sakafuni, nikalia. Nawaambia ukweli, nililia kama mtoto, na mbayuwayu wote wale wananitazama. Gwen ndiye aliyenikuta. Nikajua sasa graniti imerudi.

Wifi yangu akapita mbele yangu, akalishika jiko la gesi kwa mikono miwili, akalisukuma. Likasogea kwa kelele, vidole viwili, mpaka likabusu kaunta.

"Limekaa pale tangu mwaka hamsini na sita," akasema. "Lilikuwa linahitaji matembezi."

Odell alicheka mpaka akashika ukuta. Akapaka gundi, akarudisha ukingo wa bati, akaziba kiungo ili maji yasipenye. Jumatatu tukasugua upande wa dirishani, sisi watatu, na Stan aliyekuja na supu na akabaki na kitambaa. Ndoo baada ya ndoo ya maji ya rangi ya chai. Jioni jua lilipoingia dirishani, jiko zima lilikuwa buluu, na hakuna aliyeweza kuonyesha mbayuwayu wa Stan wanaishia wapi na wa mama wanaanzia wapi.

Kisha woga ukanishika upya. Mama alisema alikute jiko kama alivyoliacha. Yeye aliacha supu ya njegere.

Jumanne saa nne gari la kituo likasimama nje. Nilimtegemea muuguzi peke yake. Muuguzi, mama mmoja mchangamfu aitwaye Yolanda, alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Akashuka mama Bernice, na kigari chake cha kuegemea, amepaka rangi ya midomo.

"Mgonjwa lazima ajaribiwe nyumbani kwake," Yolanda akaeleza. "Apike chai na kuchoma mkate, mimi nikitazama. Akiweza, anarudi."

Mama akaingia jikoni. Akasimama.

 Mama alisogeza kigari mpaka kwenye kaunta, akaweka kiganja juu yake, akakipitisha kutoka kwenye jiko la gesi mpaka kwenye sinki, kutoka sinki mpaka dirishani.

"Walter alitaka ya manjano," akasema. "Tuligombana siku tatu dukani. Nikamwambia, mimi ndiye nitakayesimama hapa maisha yangu yote, nataka kusimama mbele ya buluu." Akageuka, macho yamelowa. "Nilikuwa nimesahau. Kweli nilisahau kuwa nilishinda."

Kisha akajifuta uso, akajaza birika, akachoma mkate, akaupaka siagi, akaukata pembe nne, akamkabidhi Yolanda. Yolanda akala, akatia alama kwenye karatasi yake, akatia sahihi. "Jumamosi unarudi," akasema, akatoka kwenda kupima ngazi za mlangoni.

Tukabaki wawili. Ningeweza kunyamaza, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba.

"Mama, nina la kukiri. Niliunguza kaunta yako. Kikaango. Halafu nikaipasua. Na kila ulipopiga simu nilikudanganya."

Mama akatafuna kipande cha mkate.

"Nilijua."

"Gwen alikwambia?"

"Gwen hakusema neno. Wewe ndiye uliyeniita 'mama mpenzi' kwenye simu, siku tatu mfululizo. Miaka thelathini na minane hujaniita hivyo. Nikasema, ama huyu anakufa au ameunguza kitu."

Nikamkumbatia, kigari na yeye pamoja. Tukacheka mpaka chai ikapoa.

"Haya, kaa," akasema, akinisukuma kitini. "Kwa kuwa tunakiri, na mimi ninalo."

"Lipi, mama?"

Akarekebisha nywele. Nawaapia, mama mkwe wangu wa miaka tisini na mmoja aliona haya.

"Jumamosi sirudi peke yangu."

"Unarudi na nani?"

"Anaitwa Vernon. Chumba cha pili kutoka changu. Kijana tu, ana themanini na minne. Mayai yake anataka yageuzwe pande zote mbili." Akashusha pumzi. "Na hatutaki kuishi hivi hivi bila baraka. Nimeshaongea na padri. Ni tarehe kumi na nne."



"Wewe najua utanielewa," mama akaendelea, akinishika mkono. "Tatizo ni Gwen. Gwen na baba yake walikuwa roho moja. Mimi siwezi kumwambia, Marlys. Utamwambia wewe."

"Mimi? Mama, mimi na Gwen ndiyo kwanza tumepatana juzi!"

"Ndiyo maana. Atakusikiliza. Mwambie polepole, siku yoyote, ila kabla ya Jumamosi."

Nyuma yetu mlango wa uani ulilia. Gwen alikuwa amesimama kizingitini na keki ya kumkaribishia muuguzi mikononi, na sikuweza kujua amesimama pale tangu neno gani.

"Aniambie nini?" akauliza.